Tabaka za Maziwa

Bangili ya Zamda ilipiga kelele asubuhi wakati wa chai, na kabla mama yake hajajua mtoto kagusa nini, mimi nilishashika njia na mkoba wangu begani. Kituo cha Maziwa cha Likongowe kiko nyumba chache tu kutoka kwao, na ile bangili ya mguuni, ikishaonja jasho la mtoto ikaona mambo yameharibika, huita kituoni hata kabla haijamwita mzazi. Wapo wanaolalamika kwamba inawadhalilisha akina mama. Mimi nawaambia waje wamshike mtoto anayekosa pumzi, ndipo tuzungumze habari za kudhalilishana.

Nilimkuta Zamda mapajani mwa Somoe, midomo imevimba, kifua kinapiga mluzi, vipele vimemtambaa kutoka shingoni mpaka kitovuni.

"Mwache akae hivyohivyo," nikasema. "Usimsimamishe, usimtingishe, na maji usimpe."

Nikamchoma sindano ya paja juu ya nguo, maana hapo hakuna wakati wa kuvua. Kisha nikakaa chini sakafuni nikimtazama mbavu zake. Somoe alikuwa anasoma dua. Pole pole mluzi ukapungua, macho yakarudi kututazama, na mtoto akaanza kulia kwa hasira. Kilio hicho nakipenda kuliko taarabu.

"Kala nini?"

"Hajala kitu, Nesi Siwema! Uji wake tu, ule ule wa kila siku."

Tukatafuta wote wawili, kwa magoti, chini ya mkeka na nyuma ya mlango. Ndipo Somoe akaiona kofia ya mumewe chini ya kigingi, imelowa mate. Mtoro ni fundi wa mashine ya kukamua ufuta. Kila jioni huoga uani kwa ndoo, akasukutua kinywa, nguo za kazi akazifungia kwenye gunia, ndipo aguse mtoto. Lakini ile ilikuwa kofia yake ya kushona kwa mkono, yenye vitundu vidogo vya maua, na katika kitundu kimoja ilikuwa imejibana punje ya ufuta. Zamda aliitafuna kofia ya baba yake kwa mapenzi tu, kama watoto wote wanavyotafuna vitu vya baba zao.

Mtoro alikuja mbio kutoka kazini, akasimama nje ya mlango asithubutu kuingia na vumbi lake.

"Nimemuua mwanangu kwa kofia," akasema.

"Hajafa, na kofia kaichome," nikamjibu. "Kaoge, kisha mje kituoni wote watatu. Msimu wa kupukuta ufuta unakaribia, na mtoto huyu hawezi kuukabili hivi alivyo."

*

Likongowe bila ufuta si Likongowe. Tunaulima, tunaukamua, tunauzungushia mikate, tunautia kwenye kashata, na mabua yake tunayasimamisha mashambani kama vibanda mpaka yakauke. Siku za kupukuta, kila shamba linatandika maturubai na hewa yote ya mji inageuka unga wa rangi ya kahawia. Mwaka uliopita Somoe alimkimbiza Zamda kwa ndugu zake mbali na huku, na kule kule akapewa kipande cha mkate wenye ufuta sokoni na mtu mwema asiyejua kitu. Alirudi kwetu na kovu la mpira wa kupumulia kooni. Kwa hiyo kuhama hakukuwa tena dawa, maana ufuta hauishi Likongowe peke yake.

Dawa tunayo, na inapita kwenye titi. Katika damu ya mtu aliyezoea ufuta mna chembe tunazoziita fundishi. Kazi yake ni kuuambia mwili: hiki ni chakula, tulia. Tunachukua chembe hizo kwa baba na kwa mama, kwa kuwa mwili wa mtoto unawasikiliza wote wawili, tunazikuza kwenye mtambo, kisha tunamrudishia mama, naye anamnyonyesha mwanawe somo lile kidogo kidogo. Mwili wa mtoto unafundishika vizuri kabla ya kutimiza miaka miwili. Baada ya hapo unakuwa mkaidi kama wenye nao. Zamda alikuwa amebakiza miezi michache.

Kazi yote iko kwenye kipimo. Somo likiwa dogo mno, msimu unafika mtoto hajajua kitu. Likiwa kubwa mno, koo linafunga, na safari hii sindano yangu inaweza isiwahi. Ili kujua kipimo, mtambo unapaswa kujua chembe za kila mzazi zina nguvu kiasi gani.

Niliwatoa damu Somoe na Mtoro, nikawaambia wakapumzike nyumbani. Walipotoka, Mtoro alikuwa kambeba Zamda, na Somoe anamtania kwamba sasa hivi atakwenda kazini kichwa wazi kama mgeni wa mjini. Nikawasha mtambo. Mtambo ukaniuliza swali ambalo kwa miaka yote niliyofanya kazi hapa nilikuwa nikiomba nisiulizwe.

Alama ni moja, uliandika. Je, nihesabu tabaka?

*

Hapa lazima nieleze Mwaka wa Vumbi, maana vijana wa leo wanausikia kama hadithi za bibi.

Ulikuwa mwaka mbaya. Ilikuja mbegu mpya ya ufuta yenye mavuno makubwa, na vumbi lake likawaangusha watoto wachanga nyumba kwa nyumba, huku na vijiji vya jirani. Kituo kilikuwa kipya. Akina mama waliokuwa wananyonyesha na wenye damu tulivu, isiyoshtushwa na ufuta, wakajipanga, wakakamua maziwa yao, mtambo ukayakausha yakawa unga, na unga ule ukakorogwa kwenye vikombe vya watoto wa watu wengine. Watoto wakapona. Mpaka leo wanaitwa Watoto wa Vumbi, na Somoe na Mtoro ni wa kundi hilo, mke kaletwa na wazazi kutoka bara, mume wa papa hapa mjini.

Sasa angalia tulivyo watu wa Likongowe. Wale akina mama walikataa kuandikwa majina. Waliona wakitajwa, watashukuriwa, na wakishukuriwa, thawabu yao itakuwa imeliwa hapa hapa duniani. Sadaka ikatolewa kimya, na mtambo ukapewa maziwa yasiyo na mwenyewe. Na habari ya undugu wa kunyonya, ambao hapa kila mtu anaujua toka utotoni, haikumshughulisha mtu. Ule ulikuwa unga, unapimwa kwa kijiko, tena unatoka kwa nesi. Wote walisema ni dawa.

Miaka ikapita, ndipo ikagundulika kwamba chembe za mama aliyekamua hazipotei. Zinakaa katika damu ya mtoto maisha yake yote, zina alama ya mama huyo, na kila kikombe kimeacha tabaka lake; tabaka zikizidi, na nguvu ya chembe inazidi. Wanazuoni wakakaa, wakatoka na kauli: kinachokaa mwilini kama maziwa ni maziwa. Waliokunywa kwa mama mmoja mara tano kabla ya miaka miwili ni ndugu, na ndugu hawaoani.

Mji ulitetemeka, lakini ulishapata pa kujificha. Kauli ile ile ilisema shaka haivunji ndoa. Basi tukaishi na shaka yetu. Watoto wa Vumbi wakaoana, wakazaa, na hakuna mtu aliyeuambia mtambo uhesabu. Mimi mwenyewe nilicheza ngoma kwenye arusi ya Somoe mpaka kisigino kikavimba.

*

Mama yangu, Bi Mkejina, alikuwa mmoja wa waliokamua. Ukimuuliza alitoa vikombe vingapi, atakwambia amesahau, na hapo hapo atakutajia mahari ya kila msichana aliyeolewa mtaani tangu yeye avunje ungo. Nilimkuta anachambua mchicha barazani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona uso umekunja? Kuna mtoto kafa?"

"Hajafa mtu. Nina mtu na mkewe. Alama yao moja."

Hakuuliza ni nani. Aliendelea kukata mizizi.

"Wengi alama zao moja," akasema baadaye. "Kunywa kwa mama mmoja mara moja si kunywa mara tano. Achana nao."

"Mtoto wao anaumwa ufuta. Nisipohesabu siwezi kumpa kipimo cha sawasawa. Nikianza chini kabisa nipande taratibu, vumbi litamkuta katikati ya njia."

"Basi hesabu ufumbe mdomo."

Nilikuwa nimelifikiria hilo njia nzima, kwa hiyo likaniuma lilipotoka kwake. Lilikuwa rahisi. Ningebonyeza, ningeona, ningempimia mtoto dawa yake, na wale wawili wangelala kitanda kimoja kwa amani. Amani yao ningekuwa naibeba mimi.

"Na nikikuta ni ndugu, Mama? Nikutane nao kila siku, niwasalimie 'hamjambo na mumeo'?"

"Utazoea. Sisi tulitoa sadaka, Siwema. Wewe unataka kuifanya kesi."

"Mlitoa sadaka, lakini mliwaficha watoto mama zao!"

Sikuwahi kumpandishia mama yangu sauti. Aliweka kisu chini. Nikajuta, ila maneno yalishatoka. Alichukua ungo wake akaingia ndani, na jioni ile hakunitengea chakula.

Nilirudi kituoni. Nilikaa mbele ya mtambo na kidole changu karibu na kioo, nikaona kwamba nikibonyeza peke yangu nitakuwa nimewaibia. Damu ni yao, mtoto ni wao, na dhambi au uzuri wa kujua ni wao pia. Nikauzima.

*

Niliwaita asubuhi, nikafunga mlango, nikawaambia yote. Niliwaambia bila kuzunguka, kwa sababu habari hii ukiizungusha inazidi kuwa nzito.

Somoe ndiye aliyelipuka.

"Kwa nini umetuambia? Mji mzima unaishi haujui! Nyuso zote unazoziona barabarani hazijui! Sisi tumekukosea nini, dada?"

"Hamjanikosea. Sijahesabu. Mkisema nisihesabu, sihesabu, nitaanza na kipimo cha chini."

"Na mtoto?" akauliza Mtoro.

"Nitamwangalia kwa jicho langu lote. Lakini msimu utamkuta hajafika."

"Nijibu kama unavyomjibu mtu mzima. Atapona au hatapona?"

"Sijui," nikasema, na ndio ukweli niliokuwa nao. "Msimu uliopita alikuwa karibu sana na kifo, Mtoro. Uliona mwenyewe."

Zamda alikuwa chini, anapanga na kupangua vifuniko vya chupa. Bado alikuwa na uvimbe kidogo juu ya jicho. Mtoro alimtazama muda mrefu.

"Hesabu," akasema.

"Wewe unasema hivyo kirahisi!" Somoe akamgeukia. "Unataka kuniacha?"

"Mke wangu, nataka Zamda awe anakuja mbio kunipokea nikitoka kazini. Sijawahi kupokewa na mtoto wangu. Ananiangalia dirishani mpaka nikauke maji."

Somoe akajifunika uso kwa ncha ya khanga, akalia. Alilia bila aibu, kwa sauti, na mimi nikalia kidogo pembeni nikijifanya natafuta kitambaa cha kufutia kioo. Nilimpenda yule mwanamke. Niliuchukia mtambo, na mama yangu, na wale wote waliotaka thawabu yao ikamilike.

Mtambo hauhesabu tabaka mpaka wenye damu wote wawili waweke vidole gumba. Mtoro alinyanyua mkono, ukafika karibu na kioo ukasimama. Yeye aliyesema hesabu, sasa mkono haukushuka. Tulingoja. Hatimaye Somoe akajifuta macho, akaweka kidole chake kwanza, kisha akaushika mkono wa mumewe kwa mkono wake mwingine akaukandamiza kwenye kioo mwenyewe.

"Twende," akasema. "Kabla sijaghairi."

Mtambo haukuchukua muda. Somoe alikuwa na tabaka tisa, Mtoro sita.

Zote zimevuka tano. Halafu Mtoro akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mama yangu na dawa za bure," akasema. "Wangempa vikombe vinne angekwenda kuomba viwili."

Somoe naye akacheka, na katikati ya kicheko akainama juu ya meza asiweze kunyanyuka. Zamda akaja kumvuta khanga, akidhani ni mchezo.

*

Kadhi alikuwa mtu mpole, akaja mwenyewe nyumbani kwao asiwaite barazani kwake watu wakawatazama. Aliwaambia mtoto ni wao, halali yao, hilo halina maneno. Waliyoishi nyuma waliishi kwa kutojua na hayana lawama. Kuanzia siku waliyojua, ndoa haipo. Mtoro akauliza kama anaruhusiwa kuja kumwona. Kadhi akasema, "Ni dada yako. Nani atakuzuia kumwona dada yako?" Nadhani alikusudia kumfariji.

Mtoro akachukua godoro dogo na redio, akahamia kwa mama yake. Nyumba aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, lakini akasema nyumba ni ya mtoto.

Mji ulisema uliyoyasema. Wapo Watoto wa Vumbi waliopita mlango wa pili kunikwepa, na kuna mmoja, jirani yangu wa miaka mingi, aliyeniambia nimeleta msiba palipokuwa hapana maiti. Kisha siku moja mama yangu akaja kituoni, mara yake ya kwanza tangu Mwaka wa Vumbi. Alivuta kiti mbele ya mtambo, akanyoosha mkono nimtoe damu.

"Niandike," akasema. "Jina langu lote. Na vikombe vyangu kama vitaonekana."

"Na thawabu yako, Mama?"

"Hiyo nitajuana nayo mwenyewe."

Alama yake haikuwa ya Somoe wala Mtoro. Lakini niliiandika, na baada yake wakaja wazee wengine wawili, mmoja akiegemea mkongojo, na mmoja akilalamika kwamba sindano yangu butu.

Zamda alianza somo lake. Kipimo kilikuwa cha sawasawa, kwa hiyo sikulazimika kubahatisha. Kila asubuhi Somoe alikuja kupokea chembe zake, akakaa benchini akamnyonyesha, na mimi nikakaa karibu na sindano mfukoni. Mara mbili midomo ilimwasha, nikarudisha hatua nyuma. Mara moja alitapika, tukaahirisha. Mambo haya hayana ushujaa, ni kungojea tu na kuandika. Siku za mwisho nilimpaka punje iliyosagwa kwenye mdomo wa chini, akailamba, akataka nyingine.

*

Msimu wa kupukuta ulifunguliwa na upepo mkavu. Mtoro alikuwa shambani kwa mjomba wake, anayapiga mabua juu ya turubai, na mimi ndiye niliyemleta Zamda, Somoe akiwa nyumbani kwa sababu alisema moyo wake hauwezi kutazama. Nilimweka mtoto pembeni mwa turubai. Vumbi likamwingia nywele na kope. Akapiga chafya, nami nikaishika sindano. Akapiga chafya ya pili, akafuta pua kwa mkono, kisha akatambaa katikati ya ufuta, akaujaza kiganja, na kabla sijafika akautia wote mdomoni.

Mtoro alisimama na fimbo yake hewani. Tulimtazama yule mtoto akitafuna, mimi nikihesabu pumzi zake kwa macho. Bangili ilikaa kimya. Zamda akameza, akatunyooshea kiganja kilichobaki na punje chache, kutukaribisha.

Mtoro akaitupa fimbo. Akamnyakua na nguo zake za kazi, na vumbi lake lote, na jasho lake lote, akamkumbatia mpaka nikamwambia atamvunja. Alilia shambani mbele ya wanaume wenzake, na wanaume wenzake wakajifanya wana kazi upande wa pili.

Jioni alimrudisha nyumbani kwa mguu, nami nikafuatana nao. Zamda alikuwa begani mwake, ameshika masikio yake kama usukani, anaimba wimbo usio na maneno. Tulipofika mlangoni aliteremka mwenyewe, akaingia mbio, kisha akageuka kumtazama baba yake, ambaye alibaki nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema Mtoro.

Mtoto akarudi, akamshika kidole, akakivuta. "Baba, ingia!"

Kule ndani Somoe alikuwa ameshatusikia. Alijibu, "Karibu, kaka," akatoka na kiti cha wageni.